Hesabu kwanza, mtego baadaye

WAHENGA walinena kwamba mtego bila ya chambo haunasi. Msemo huo ulinijia majuzi, pale mwanafunzi mmoja alipoitazama picha ya sarafu ya Kanada ya senti 5 na kuniuliza: "Mwalimu, iweje taifa limtukuze mnyama kwenye pesa zake, kisha liwaruhusu watu wamtege na kumchuna ngozi?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile lilikuwa zito kuliko walivyodhani.

Mnyama huyo, ambaye alianza kuonekana kwenye sarafu hiyo mwaka 1937, huitwa biva. Ni wa jamii ya wanyama wagugunao, kama vile panya, ila yeye aweza kufikia uzani wa kilo 30. Meno yake ya mbele yana rangi ya machungwa wala hayakomi kukua, na mkia wake ni mpana mithili ya mwiko. Huangusha miti, huziba vijito kwa matawi na matope hadi bwawa likatokea, kisha hujenga humo nyumba ambayo mlango wake umo chini ya maji. Nyumbani humo huishi baba, mama, wana wa mwaka huu na aghalabu wale wa mwaka uliotangulia.

Msiba wa biva ni manyoya yake. Kwa zaidi ya karne mbili, kofia za mabwana wa London na Paris zilitengenezwa kwayo. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1670, iliifanya ngozi ya biva kuwa kipimo cha bei, hata bunduki na blanketi zikauzwa kwa idadi ya ngozi. Kila aliyekuwa na mtego alitega, na bonde lilipoisha alihamia jingine. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, biva alikuwa ametoweka katika sehemu nyingi za Amerika ya Kaskazini. Wakree wa pwani ya James Bay, ambao tangu jadi walimtegemea kwa nyama na mavazi, wakashikwa na njaa.

Lililofuata ndilo ningependa walimu na wanafunzi walitafakari. Katika miaka ya 1930, sehemu za pwani hiyo zilitengwa na utegaji ukasimamishwa. Wakree waliozijua mito yao walipewa kazi ya kuzihesabu nyumba za biva, mwaka baada ya mwaka. Biva walipoongezeka, utegaji uliruhusiwa tena, lakini idadi ya watakaonaswa ilitegemea idadi ya nyumba zilizohesabiwa. Kwa maneno mengine, elimu ya kutega ilianza upya kwa kutotega.

Hata leo, katika majimbo mengi ya Kanada, anayeanza kazi hii hapewi leseni kabla ya kuhudhuria kozi na kufaulu mtihani. Hufunzwa kwamba msimu ni wa majira ya baridi, wakati manyoya yamekomaa. Hufunzwa kuzisoma dalili: vijiti vilivyoguguniwa karibuni, matope mabichi juu ya nyumba, na rundo la matawi majini, ambalo ndilo ghala la chakula cha familia. Kwa dalili hizo hutambua nyumba ipi ina wakaaji na ipi ni mahame. Hapo ndipo aamuapo atege wapi, achukue wangapi na abakize wangapi.

Mtego wenyewe nao wataka adabu. Ule utumikao sana ulibuniwa na Frank Conibear katika miaka ya 1950. Ni fremu mbili za chuma zinazofyatuka na kumbana mnyama ili afe upesi, badala ya kuning'inia kwa mguu siku nzima. Chuma hicho kikimbana mtu chaweza kumvunja mkono. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kujinasua kwa mkono mmoja kabla hajautega mtoni. Barafu nayo ni adui. Karibu na nyumba ya biva huwa nyembamba, kwa kuwa wenyewe hupita chini yake kila mara. Mwanagenzi asiyeipima kwa fimbo kila hatua, tena akiwa peke yake, huenda asirudi kwao. Hata fisi maji hupitia njia zizo hizo, na mtego uliowekwa ovyo humuua asiyekusudiwa.

Ajabu ni kwamba mitego mingi ya biva haina chambo chochote. Huwekwa tu pale apitapo. Chambo ni ujuzi wa mtegaji.

Najua wapo watakaosema kwamba ustadi wa kuua haufai kufundishwa kamwe. Siwabezi. Malalamiko ya watu wa namna hiyo ndiyo yaliyochangia Kanada, Urusi na Jumuiya ya Ulaya kuafikiana mwaka 1997 kuhusu viwango vya mitego isiyomtesa mnyama. Lakini ikumbukwe kwamba biva hufurika mashamba na barabara. Mwaka 1946, biva 20 kutoka Kanada walipelekwa Tierra del Fuego, kusini mwa Argentina, kwa tamaa ya manyoya. Wazao wao wameangamiza misitu huko na kuvuka hadi Chile. Kutega kutakuwapo. Lililo mikononi mwetu ni kuchagua kama kutakuwa na elimu au hakutakuwa nayo.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo makala haya si mwaliko wa kwenda kutega. Hata hivyo, kutega kusiko na elimu twakujua vyema. Kitanzi cha waya kifichwacho vichakani hakibagui swala, twiga wala mwana wa ndovu, na mwenye kukiweka hakuhesabu lolote. Hali kadhalika nyavu zenye matundu madogo katika Ziwa Victoria, ambazo huzoa samaki wachanga kabla hawajazaa. Twawapa vijana wetu shoka, wavu na jembe, lakini ni nadra kuwapa daftari la kuhesabia kilichopo.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba sarafu ile ni kumbukumbu ya mnyama aliyelijenga taifa kwa ngozi yake, na ambaye karibu aangamizwe na watu wasiojua kuhesabu. Kisha niliwapa wote zoezi: wahesabu miti yote iliyomo katika uwanja wa shule, iliyo hai na iliyokauka, na kila muhula waandike iliyoongezeka na iliyopungua. Walinung'unika kwamba hilo si somo. Siku ya tatu waligundua kwamba miti iliyokatwa kwa kuni za jikoni ni mingi kuliko iliyopandwa, na hakuna aliyecheka tena.