Kamati za zahanati zisilale

Sera ya Afya ya 2007 iliagiza wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza watibiwe bure. Lakini mzee akiambiwa dawa hakuna, akanunue dukani, hiyo bure iko wapi?

Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati, na kamati zenye wajumbe wa wananchi ndizo wasimamizi. Basi kila mkutano mkuu wa kijiji usomewe hesabu ya dawa: zilizopokelewa, zilizotolewa, zilizobaki. Wazee na wanaoishi na virusi vya UKIMWI nao wawe na mjumbe. Mgonjwa mmoja akiuliza huitwa mkorofi. Kijiji kizima kikiuliza, hujibiwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njoro, Moshi.