Umashuhuri wa msomi haupimwi kwa hesabu pekee

Mwanafunzi wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, anayetamani kuwa mtafiti wa saikolojia ya jamii hana budi kujiuliza swali moja mapema: je, ubingwa wake utapimwa kwa mizani gani?

Mizani inayotumika sana ni ya kuhesabu. Mnamo mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo chepesi: msomi mwenye makala 20, ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, hupata alama 20. Hapa Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo mwaka 2014 ambavyo vilimpa mhadhiri alama kwa machapisho yake alipotafuta kupandishwa cheo.

Hesabu si ya kudharauliwa. Pasipo kipimo kilicho wazi, vyeo vingeweza kugawanywa kwa udugu na ukabila. Hata hivyo, wingi wa kunukuliwa huonyesha jinsi jina lilivyovuma tu. Diederik Stapel wa Uholanzi alikuwa nyota wa saikolojia ya jamii hadi mwaka 2011, ilipobainika kwamba alikuwa akibuni takwimu. Zaidi ya makala zake 50 zilibatilishwa. Kabla ya hapo, makala hizo hizo ndizo zilizompa hadhi.

Mizani hii ina kasoro nyingine, na mfano wake uko hapa Embu. Mwaka 2003, Tamara Daley na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Embu waliopimwa akili mwaka 1984 na wengine waliopimwa mwaka 1998. Kundi la pili lilipata alama za juu zaidi, na matokeo hayo yakajadiliwa na wataalamu wa nchi nyingi. Kazi ya namna hiyo hutegemea wazazi wanaokubali, walimu wanaotoa nafasi na wenyeji wanaofasiri lugha na desturi. Katika mizani ya Hirsch, asiyetiwa jina kwenye makala hana uzito wowote.

Kwa hivyo, kamati za vyuo vikuu zihesabu, lakini pia zisome. Ziulize iwapo wengine wamerudia utafiti wakapata matokeo yale yale, na iwapo jamii iliyochunguzwa ilirudishiwa maarifa hayo.

Mwalimu hasahihishi insha kwa kuhesabu kurasa zake. Mbona basi tumpime profesa kwa namna hiyo?