Pikipiki ya Kazi na Saa ya Kurudi Nyumbani

Ndugu msomaji, hivi karibuni nilikuwa mgeni katika nyumba ya mfanyakazi mmoja hapa Dodoma, upande wa Nkuhungu. Ilikwisha fika saa 1:30 usiku. Ugali wa uwele na mlenda vilikuwa vimeandaliwa, lakini hatukula. Mama mwenye nyumba aliinuka kila aliposikia mlio wa pikipiki, akasimama mlangoni, kisha akarudi kuketi. Mumewe ni bwana shamba. Alfajiri alikuwa amekwenda vijiji vya upande wa Bahi kuangalia mavuno ya mpunga, na ofisi ilikuwa imemwagiza awasilishe taarifa yake kesho yake saa 2 asubuhi.

Alifika saa 3 kasoro, nyusi zimejaa vumbi. Mkewe alimpokea kofia, akaitundika msumarini, asiseme neno. Mtoto wao mdogo ndiye aliyeuliza: "Baba, taa imezimika tena?"

Baada ya chakula nilimwuliza mwenyeji wangu kama ofisi yao haina kanuni za safari za pikipiki. Akacheka. Alisema zipo, naye alizitia sahihi siku alipokabidhiwa chombo: asiendeshe bila leseni; avae kofia ngumu; asimpakie mtu asiyehusika na kazi; asisafiri baada ya jua kutua. "Zote nimezihifadhi kichwani, ndugu mwandishi," alisema. "Lakini ile ya jua kutua na ile ya taarifa saa 2 asubuhi zimetoka meza moja. Wewe ungefuata ipi?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Leo napenda tulitafute pamoja, kwa sababu jambo hili si la nyumba moja. Tarehe 4 Aprili, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapa hapa Dodoma ugawaji wa pikipiki 7,000 kwa maafisa ugani wa nchi nzima. Kwa bwana shamba aliyekuwa akitembelea wakulima kwa baiskeli au kwa miguu, hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Ongeza hapo wapeleka chanjo, wasoma mita na maafisa wa mikopo, nawe utaona ni jamaa wangapi ambao jioni husikiliza mlio barabarani kama yule mama wa Nkuhungu.

Uwanda wetu huu wa kati una tabia zake. Wakati wa kiangazi njia za vijijini hujaa mchanga, na upepo hurusha vumbi hata mtu asione mbele. Mvua zianzapo, kwa kawaida mwezi wa Desemba, korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kuwa mto jioni, na udongo wa mbugani huko Bahi hugandamana na gurudumu mpaka lisizunguke. Katika barabara kuu ya lami kuna malori makubwa yanayokwenda bara, ambayo upepo wake pekee hutosha kumyumbisha mwenye pikipiki. Saa ya magharibi, jua linapozama, ndiyo saa ya ng'ombe na mbuzi kuvuka barabara wakirudi zizini. Anayeandika kanuni ya safari bila kuyafikiria hayo huandikia nchi nyingine.

Sheria, kwa upande wake, haikunyamaza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwendesha pikipiki awe na leseni ya daraja la chombo chake na avae kofia ngumu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa watu wake wawapo kazini, nayo inamtaka mfanyakazi naye ajitunze. Na kwa mtu aliyetumwa Bahi kwa pikipiki, mahali pa kazi ni pale alipoketi, juu ya tandiko. Mwajiri ambaye angeona aibu kumweka karani wake chini ya dari linaloanguka hana budi kuona aibu ile ile anapompa mtu pikipiki yenye breki zilizokwisha.

Kuhusu kofia, wataalamu waliolinganisha uchunguzi wa nchi mbalimbali walikuta kwamba humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Faida hiyo ni ya kofia iliyofungwa kamba kidevuni. Iliyoegeshwa tu kichwani huruka kabla mtu hajafika chini. Nayo iliyokwisha kupata kishindo kikubwa ibadilishwe, hata kama kwa nje yaonekana nzima. Kofia hiyo inunuliwe na ofisi, kama inunuavyo tairi.

Lipo pia somo la ukaguzi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watu waliotoka katika ulimwengu wa mashindano ya pikipiki, akiwamo mwanamichezo wa Marekani Randy Mamola, walisikitika kuona katika Afrika vyombo vya kazi za afya vimeachwa vikioza kwa kukosa matengenezo madogo. Kutokana na safari hizo likazaliwa shirika la Riders for Health, ambalo lilifanya kazi katika nchi kama Lesotho na Gambia. Waliwafundisha watumishi wa afya wasianze safari kabla ya kukagua petroli, oili, mnyororo, nati na breki. Ni kazi ya dakika chache. Lakini ukaguzi huo una maana tu pale ambapo anayekuta kasoro anaruhusiwa kusema, "Leo chombo hiki hakitoki," na mkuu wake akakubali.

Hapo ndipo ilipo shida ya mwenyeji wangu. Kanuni inayokataza safari ya usiku ni nzuri, lakini ina gharama, na gharama hiyo lazima alipe mtu fulani. Ofisi ikimkataza bwana shamba kurudi usiku, basi impe posho ya kulala huko huko, au imsogezee siku ya taarifa, au impunguzie idadi ya vijiji. Isipofanya hata moja katika hayo, imeandika kanuni ili siku ya ajali iweze kusema kwamba ilimwonya. Hiyo si kinga ya mfanyakazi, ni kinga ya ofisi.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa kuwa ana sababu ya kutosha kuamini kuwa ina hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake alindwe asipatilizwe. Nadhani kila kanuni ya pikipiki ingeanza na maneno ya namna hiyo.

Nayasema haya nikiwa mkosaji mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja niliyoifanyia kazi, nilipewa ufunguo wa pikipiki na petroli, nikaambiwa niwahi mkutano Kongwa. Hakuna aliyeniuliza leseni, nami sikusema kuwa sina, maana nilikuwa mgeni kazini na niliona haya kukataa. Penye mchanga gurudumu la mbele liliteleza, nikaanguka, bomba la moshi likaniunguza mguu. Mkutano niliuwahi, nikaandika habari yangu, nikasifiwa kwa ushujaa. Kovu halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba kijana aliyekuja baada yangu alipewa ufunguo ule ule, akaambiwa aige mfano wangu.

Nasi wa nyumbani, ndugu msomaji, tuna sehemu yetu. Ni nani kati yetu asiyempigia simu mwenzake na kumwambia, "Jitahidi ufike leo"? Ni wangapi tunaopakia watoto wawili na kapu la sokoni juu ya pikipiki ya ofisi, kisha tukalaumu kanuni kuwa ni kali? Itokeapo ajali, moja ya maswali ya mwanzo huwa ni kama mtu alikuwa kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na waajiri, wala mfanyakazi hakatwi mshahara kwa ajili yake; lakini fidia yake ni ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Bima ya mtu wa tatu nayo huwafidia wengine aliowaumiza mwendeshaji, haimfidii yeye mwenyewe. Kwa hiyo agizo la safari liwe la maandishi, na nakala yake ibaki nyumbani.

Kabla sijaaga usiku ule, mwenyeji wangu alitoa kalamu na karatasi. Alimwandikia mkuu wake kwamba taa ya pikipiki ni mbovu, na kwamba safari ijayo ya Bahi aidha alale huko au taarifa yake ipokelewe mchana. Alimsomea mkewe. Mama yule akasema, "Ongeza tarehe." Akaongeza.

Nilipopita tena Jumatano nilikuta taa imekwisha tengenezwa. Kuhusu posho ya kulala, alikuwa bado anangoja jibu.