Staa wa Kasulu Kaua ZZ kwa Maji, Kamkata Mshahara Dada wa Kazi!

Wadau wa Kasulu na Kibondo, ubuyu wa wiki hii hauna fumanizi wala bifu la wasanii. Ni ishu ya ua la sebuleni tu. Ila ndani yake kuna dhuluma, kwa hiyo msipite juu juu.

Kuna mrembo mmoja wa mitandaoni, maskani yake Kasulu mjini, jina kapuni. Miezi kadhaa nyuma aliletewa kutoka Dar ule mmea wa ndani unaoitwa ZZ, wenye majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Akauweka kwenye chungu cha rangi ya dhahabu, akauposti: "Kitu cha Ulaya hiki." Dada wa kazi akapewa amri: kila asubuhi, kikombe kizima cha maji. Binti akatii. Haikupita muda majani yakawa manjano, mashina yakalegea, yakaanguka. Hukumu? Dada kakatwa nusu mshahara "kwa uzembe".

Uzembe wa nani sasa?

Kwanza, ZZ si kitu cha Ulaya. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na kwao ni huku huku: Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, kushuka mpaka Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi kwa ajili ya biashara miaka ya 1990, ndipo ukasambaa duniani. Yaani mtu anaringia Ulaya kwa mmea wa kwao!

Pili, mmea huu umezoea kiangazi. Chini ya udongo una viazi vyake vinavyotunza maji, na mashina yake nayo yana akiba. Unamwagiliwa udongo ukishakauka kabisa, yaani baada ya wiki mbili, tatu, hata nne. Sasa fikiria Kasulu, mji wa mwinuko wenye ubaridi wake, tena msimu wa mvua. Udongo unachelewa kukauka, halafu kile chungu cha dhahabu hakina hata tundu moja chini. Maji yatokee wapi? Viazi lazima vioze. Huwezi kumlaumu aliyeshika kikombe ukamwacha aliyetoa amri.

Tatu, ule utetezi kwamba ua lilinunuliwa "lisafishe hewa ya watoto" haushiki. Utafiti wa NASA wa 1989 unaotajwa kila siku ulifanyika ndani ya vichumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Uchambuzi uliotoka 2019 ulionesha kwamba ili mimea ilingane na hewa inayoingia na kutoka ndani ya nyumba kwa kawaida, ingehitajika kuanzia 10 hadi 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Hiyo sebule au msitu? Fungua dirisha. Na kama kuna mtoto anayetambaa, chungu kiwekwe juu, maana utomvu wa ZZ unawasha mdomo.

Nenda Kibondo uone tofauti. Fundi cherehani mmoja pale ana ZZ kwenye ndoo kuukuu ya rangi, kaitoboa chini kwa msumari wa moto. Imekaa karibu na dirisha, lakini jua kali haliifikii. Akisafiri wiki tatu, anarudi anaikuta vilevile. Majani yaliyokatika aliyachomeka kwenye udongo, akasubiri miezi mingi bila papara, sasa ana miche. Wafuasi hana hata mia, ila mmea anao.

Staa bado ana nafasi. Aung'oe, akate viazi vilivyooza, vile vigumu aviache vikauke siku mbili tatu, kisha avipande upya kwenye udongo mkavu na chungu chenye matundu. Huenda vikachipua. Lakini kabla hajagusa udongo, arudishe hela ya yule binti. Kwa staa, nusu mshahara ule ni bando na kucha. Kwa binti ni sare na madaftari ya mdogo wake kijijini.

Kiki za maua haziwezi kulipiwa na mfuko wa dada wa kazi. Wadau, staa alipe au asilipe? Dondosheni maoni hapo chini, matusi hapana.