Fundi Aliyetaja Bei Asikae Kimya

Iko desturi iliyoenea miongoni mwa mafundi wetu, kuanzia Gikomba na Kamukunji jijini Nairobi hadi katika vituo vidogo vya biashara mashambani. Mteja huja na kueleza anachotaka. Fundi hupima, hupiga hesabu, kisha hutaja bei. Mteja huitikia, "Haya, tutawasiliana," na kwenda zake. Tangu hapo fundi hukaa akingoja. Mteja asiporudi, fundi husema kwamba huyo hakuwa na haja, na mambo huishia hapo. Je, yafaa fundi amfuate mteja huyo na kumuuliza ameamua nini?

Wako wanaoshikilia kwamba haifai. Hoja yao huiegemeza kwenye methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa maoni yao, fundi anayemfuata mteja hujishushia hadhi, na huenda akadhaniwa kuwa ana njaa ya kazi, jambo ambalo humpa mteja nafasi ya kumbana apunguze bei. Hoja hii ina uzito na haistahili kudharauliwa.

Hata hivyo, hebu tuichunguze methali yenyewe. Kiambishi "ki-" katika "kizuri" na "kibaya" charejelea kitu: chungu, kikapu au kiti kilichokwisha kutengenezwa na kuwekwa mahali ambapo mnunuzi aweza kukitazama na kukishika. Kitu kama hicho chaweza kweli kujiuza. Lakini lango ambalo halijachomelewa, au rafu ambayo mbao zake zingali dukani, haviwezi kujiuza kwa kuwa bado havipo. Kilichopo ni neno la fundi tu, na neno hilo halina wa kulisemea isipokuwa yeye aliyelitamka.

Isitoshe, kimya cha mteja kina maana nyingi. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika utafiti wao kuhusu adabu katika lugha uliochapishwa mwaka 1978, walieleza jinsi watu wanavyojitahidi kutoaibishana wanapozungumza. Kwetu ni nadra mteja kumwambia fundi ana kwa ana, "Bei yako ni ghali, sitaki." Badala yake husema "nitakuja" au "tutawasiliana." Maneno hayo yaweza kuwa kukataa kwa heshima, yaweza pia kuwa ahadi ya kweli. Mwaka jana niliwaita maseremala watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wanipimie rafu za vitabu. Wote niliwaambia tutawasiliana, nami nilikuwa nikingoja mwisho wa mwezi. Mmoja tu ndiye aliyenipigia simu baada ya wiki moja kuuliza iwapo nilikuwa na swali. Bei yake haikuwa ya chini kuliko zote, lakini alinieleza ni mbao gani angetumia na kwa nini. Kazi nilimpa yeye.

Liko pia suala la hasara. Bei za mbao, vyuma na saruji hazitulii mahali pamoja. Sheria ya mikataba tuliyoirithi kutoka Uingereza hueleza kwamba bei iliyotolewa bila kuwekewa muda hukoma baada ya muda wa kiasi kupita, ila haitaji ni siku ngapi. Mteja arudipo baada ya miezi mitatu akidai bei ile ile, ugomvi huzuka, na kila mmoja humwona mwenzake kuwa laghai. Fundi aulizaye mapema hujua kama atanunua vifaa, kama atatafuta kibarua wa kumsaidia, au kama atapokea kazi ya mtu mwingine. Kwa kijana aliyetoka juzi katika chuo cha ufundi, kazi mbili au tatu zinazopotea hivi zaweza kuwa ndizo kodi ya kibanda chake.

Tangu Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu Kenya mwaka 1972, mengi yamesemwa juu ya mikopo, vibanda na zana za jua kali. Ni wakati tuitazame lugha ya jua kali pia, maana kufuata ni tofauti na kusumbua. Asemaye "Mbona umenyamaza?" amekwisha kumlaumu mteja, kwani "mbona" aghalabu hubeba lawama. Asemaye "Ile bei ya lango niliyokupa haitabadilika hadi Ijumaa, je, kuna jambo ungependa nikufafanulie?" amempa mteja habari na nafasi ya kukataa bila aibu. Fundi aulize mara moja, zikizidi mbili, kisha anyamaze.

Si kila bei hufuatwa, lakini. Shule ya umma inapoomba bei za madawati, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 huitaka iziombe kwa watu wasiopungua watatu, pale inapowezekana. Sheria hiyo hiyo humkataza aliyewasilisha zabuni kupeleka ujumbe ambao hakuombwa ili kushawishi uamuzi. Hapo fundi hana budi kungoja jibu rasmi.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Tumewafunza wanafunzi barua ya kuomba kazi kwa mkurugenzi wasiyemjua, ilhali wengi wao watajiajiri. Tuwafunze pia ujumbe wa mistari mitatu kwa mteja: bei ni hii, itadumu hadi siku hii, nitakuuliza siku fulani. Kipindi kimoja cha Kiswahili chatosha. Fundi aliyekwisha kutaja siku atakayouliza hamwendei mteja kama mwombaji. Anatimiza miadi waliyopatana.