Jina la mtoto ndani ya ordinatere



Juma lililopita mama mmoja wa kundi letu alituletea karatasi ya shule, uso umekunjamana. Binti yake anaitwa Thérèse, lakini kwenye orodha iliyopigwa na ordinatere jina limekuwa ThÃ©rÃ¨se. Wengine wetu tulicheka. Yeye hakucheka, maana orodha ile ndiyo inayopelekwa kwa ajili ya Examen d'État, na tunajua mateso ya mtu ambaye jina la diploma yake halifanani na la cheti cha kuzaliwa.

Tulimwuliza kijana anayejua kazi hiyo. Ordinatere haijui herufi, inajua namba tu. Kila herufi imepewa namba, na namba inawekwa katika kifungu kiitwacho baiti, kinachobeba kuanzia 0 mpaka 255. Orodha ya Wamarekani ya mwaka 1963, ASCII, ilikuwa na nafasi 128 tu. Kiingereza kilienea humo, na Kiswahili pia, kwa kuwa hakiweki alama juu ya herufi. Kifaransa hakikuenea.

Basi watu wakaongeza orodha zao. Katika moja ya Ulaya, é ni 233, baiti moja. Katika UTF-8, iliyobuniwa mwaka 1992 na inayotumika sana leo, é ni baiti mbili: 195 na 169. Faili ikiandikwa kwa UTF-8 kisha ikafunguliwa kwa orodha ya zamani, 195 inasomwa Ã na 169 inasomwa ©. Ndiyo sababu herufi 7 za Thérèse zimekuwa alama 9. Ni kama kuuza viatu: wewe unahesabu pea, mnunuzi anahesabu kila kiatu peke yake.

Kwa hiyo jina halijapotea. Mwenye kazi afungue faili upya, achague UTF-8, nalo litarudi. Hatari ni pale anapofuta zile alama kwa mkono na kuacha "Thrse". Tusiondoke mbele yake kabla ya kusoma jina, herufi kwa herufi. Asiyejua kusoma aende na anayejua.

Hata Kiswahili hakikupona. Simu nyingine zinapoandika ng'ombe zinaweka alama iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, na katika karatasi yetu hii hii iliwahi kutokea "ngâ€™ombe". Mtusamehe.

Jambo hili linakula makuta ya kundi pia. Ujumbe mmoja wa simu unabeba herufi 160. Ukitia herufi moja tu isiyo katika orodha ya simu, kama ê ya "fête", ë ya "Noël" au ile alama iliyopinda, nafasi zinashuka mpaka 70. (Zile é na è za Thérèse zimo, hazina shida.) Mwaliko wa herufi 120 unakatwa vipande viwili, na unite zinaweza kukatwa mara mbili, kwa kila mama anayetumiwa. Mwandishi wa likelemba yetu alikuwa anatuandikia "fête" kila mara. Sasa anaandika sikukuu.

Orodha ya shule itapigwa upya Jumatatu. Wawili kati yetu tutamsindikiza mama Thérèse, cheti cha kuzaliwa mkononi.