Leseni, Mteremko na Kimya cha Abiria



Baina ya Pwani na Bondeni, ule mtaa mkongwe wa Nakuru, upo udugu wa miaka mingi, na udugu huo hupita barabarani. Harusi ikiwa Mombasa, akina mama wa Bondeni hushuka na watoto wao. Msiba ukitokea Bondeni, sisi nasi hupanda basi twende tukahani. Ndiyo sababu juma hili tumeona heri tuzungumze juu ya udereva: namna mtu anavyofunzwa, na namna sisi tunaoketi nyuma yake tunavyomsaidia au kumharibu.

Anayetoka Bondeni kwenda Eldoret hupita Salgaa, kisha njia huanza kupanda kwa Migaa na Sachangwan hadi Mau Summit. Kupanda si shida kubwa. Balaa ni kushuka. Lori lenye shehena likiteremka katika gia ndogo, injini yenyewe hulizuia, na breki huwa ni msaada tu. Lakini kwa miaka mingi baadhi ya madereva wamezoea kutoa gia ili wabane mafuta, gari likateremka kwa uzito wake lenyewe. Hapo kazi yote huiangukia breki, nayo ikikanyagwa mfululizo hupata moto, na ikiisha kupata moto haishiki tena. Dereva aliyetaka kuokoa lita chache hujikuta hana gia wala breki, na mbele yake pana matatu iliyojaa watu.

Hatusemi kwamba kila ajali ya huko imetokana na jambo hilo moja. Alfajiri ya tarehe 31 Disemba 2017, basi na lori viligongana pale Migaa, watu 36 wakafariki. Serikali ikasimamisha kwa muda safari za mabasi za usiku, na baadaye kikajengwa kizuizi katikati ya barabara. Na jioni ya tarehe 30 Juni 2023, mbele zaidi katika njia panda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia watu waliokuwa kando ya njia. Waliopoteza maisha walizidi 50, wengi wao wachuuzi waliokuwa wakitafuta riziki yao ya siku. Hao hawakuwa hata ndani ya gari.

Haya ya gia na breki si elimu ya siri. Mwalimu yeyote wa udereva aweza kuyaeleza kwa nusu saa, na mzazi ana haki ya kuuliza kama mwanawe ameelezwa. Sheria ya Kenya inamtaka anayejifunza gari awe ametimiza miaka 18, awe na leseni ya muda, na gari analojifunzia liwe na herufi L. Siku ya mtihani huwekwa mbele yake ubao wenye mji mdogo na vigari vya kuchezea, aonyeshe atakavyoingia kwenye mzunguko na atakavyotoka. Ubao huo una faida yake, lakini hauna mvua, hauna giza, wala hauna mteremko. Kijana anaweza kuukariri kama shairi na asijue la kufanya katika ukungu wa Kimende. Na wako wazazi, tuseme kweli, wanaotoa kitu kidogo ili mtoto asisumbuliwe hata na ubao. Mzazi huyo amemnunulia mwanawe nini?

Rai yetu ni kwamba leseni ikishapatikana, kijana asipewe ufunguo siku hiyo hiyo akawachukue wageni. Aketi kwanza na mtu mzima mwenye subira, waendeshe usiku, waendeshe mvuani, washuke pamoja kutoka Mau Summit katika gia ndogo huku malori yakiwapita. Na binti afunzwe kama kaka yake. Wako wanaoguna wakisikia haya, lakini mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, aliyeko nyumbani ndiye atakayehitajika kushika usukani. Hata Saudia, ambako wanawake walikatazwa kuendesha, zuio hilo liliondolewa Juni 2018.

Sasa tuje kwetu sisi abiria. Tangu kanuni za waziri marehemu John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu zinatakiwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo, na mwisho wa mwendo wao ni kilomita 80 kwa saa. Mikanda tunaifunga tukiona askari na kuifungua tukishampita, kana kwamba askari ndiye tutakayegongana naye. Dereva akikimbia tunasoma dua kimoyomoyo, na dua ni jambo jema, lakini haimzuii mtu kufungua kinywa akasema, "Mwanangu, punguza, tuna watoto humu." Mara nyingi akianza mama mmoja, gari zima humuunga mkono.

Kwenye gari la nyumbani mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa wenye haraka ni sisi wenyewe. Shangazi anasema bwana arusi ameshafika, kanyaga. Mke naye anapiga simu kila robo saa kuuliza umefika wapi, akijua fika kwamba mumewe yuko peke yake garini. Apigiwe aliyeketi kando yake. Kama hayupo, angojwe.

Na kwa safari fupi za bodaboda pale mtaani, buibui likusanywe na kuketiwa kabla pikipiki haijaondoka, na ncha za mtandio zifungwe kifuani, kwa maana nguo ikinaswa na gurudumu au mnyororo humvuta aliyeivaa. Kofia ngumu huvaliwa juu ya ushungi bila taabu. Watoto watatu wasipakiwe pikipiki moja ili kuokoa nauli ya madrasa. Mwendeshaji asiyetaka kungoja mjane au bibi mzee aketi vizuri, ashukwe, aitwe mwingine.